Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya msitu wa Mlima Rungwe: njia itengenezwe kwanza, wageni waje baadaye

Kwenu wahifadhi mnaosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, kwa viongozi wa wilaya na halmashauri, na kwa wenyeviti wa vijiji vinavyouzunguka mlima.

Waheshimiwa,

Utalii wa kusini unapigiwa debe kila kona siku hizi, na Rungwe inatajwa pamoja na Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na maua ya Kitulo. Ni habari njema kwa Tukuyu na kwa Mbeya nzima. Ila tunaomba jambo moja liyatangulie matangazo: njia inayopita chini ya miti mikubwa ijengwe upya, kwa namna ambayo kiatu cha mgeni hakitakanyaga mizizi. Mengine yote tuliyoyaandika hapa chini ni matawi ya ombi hilo.

Mti wa kale hauuawi na shoka peke yake. Shoka lina kelele, lina kesi, na Sheria ya Misitu ya 2002 imeshasema yake juu ya anayekata mti ndani ya hifadhi ya mazingira asilia. Unyayo hauna kesi. Mtu analipa kiingilio, anapokelewa kwa heshima, anasimama kwenye shina kupiga picha, anaondoka na furaha yake. Wa pili anasimama palepale. Wa mia tano anasimama palepale. Hakuna aliyevunja sheria, na mti umeshaanza kufa.

Inakuwaje? Wengi wanadhani mti wa mita 30 umezamisha mizizi yake chini kama kisima. Ile minene kazi yake kubwa ni kuushikilia usianguke. Inayokula na kunywa ni myembamba kama uzi wa kushonea, na sehemu kubwa yake imo katika sentimita 30 za juu za udongo, tena mingi iko juu zaidi ya hapo, chini tu ya majani makavu. Mizizi hiyo inapumua. Udongo ukishindiliwa, vitundu vya hewa vinafungwa, maji ya mvua yanakosa pa kuzama na kutiririka juu juu, na mizizi inakufa kwa kukosa hewa huku imezungukwa na tope. Mti hauonyeshi mwaka huohuo kwa sababu una akiba. Dalili huanzia kileleni: vijiti vya juu kabisa vinabaki bila majani, kisha matawi mazima yanakauka kwa kushuka chini, kisha uyoga mgumu kama sahani unaota kwenye kitako cha shina. Safari hiyo inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Siku mti unapolala, watu husema ni upepo.

Udongo wa Rungwe unaharakisha mambo. Mlima huu wenye mita 2,960 ni volkano, na yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea ukiyatupa majini. Udongo uliotokana na majivu yake ni mweusi, mwepesi, na unafyonza maji kama sifongo. Migomba, chai, viazi na parachichi vya Rungwe vinastawi kwa ajili yake. Lakini chota bonge bichi la udongo huo na kulibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni linashikamana vizuri, unaweza hata kulifanya goroli. Endelea kubonyeza na kusugua: ghafla linalegea, linakuwa utelezi mtupu, na maji yanachuruzika kwenye vidole. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida haufanyi hivyo. Hicho ndicho soli za viatu zinachokifanya kwenye njia kila siku ya mvua, na mvua ya hapa si ya kubahatisha: miteremko ya kusini mashariki ya mlima hupata karibu milimita 3,000 kwa mwaka.

Tope likishatokea, mgeni anafanya anachofanya binadamu yeyote mwenye raba nyeupe: anapita pembeni. Anayemfuata anapita pembeni zaidi. Njia ya sentimita 60 inakuwa ya mita 2, kisha 3, na kila hatua ya pembeni inatua juu ya mizizi mipya ambayo jana ilikuwa salama. Katikati panabaki mfereji, maji yanaufuata, yanauchimba, mizizi minene inafunuliwa. Hapo watu hufurahi wakisema ngazi ya asili imejitokeza. Ngazi hiyo ni mifupa ya mti.

Tunaomba msitegemee macho kuyaona haya, kwa sababu anayepita kila wiki haoni badiliko. Pimeni. Chagueni vituo kila baada ya mita 100, na kila penye mti mkubwa hata kama mita 100 hazijatimia. Pigilieni mambo mbili za chuma, yaani vigingi, moja kila upande wa njia, mbali na ukingo, na ziingie ardhini hadi zibaki vichwa tu ili zisimkwaze mtu. Siku ya kupima, funga uzi wa fundi mwashi kati ya mambo hizo, uvute ukaze, kisha kila baada ya sentimita 10 shusha rula kutoka kwenye uzi hadi ardhini na uandike urefu. Kituo kimoja hakimalizi dakika kumi kwa watu wawili. Fanyeni mwisho wa Oktoba kabla ya mvua na mwisho wa Mei zinapokwisha. Tarakimu za mara mbili mkizilinganisha, mtajua njia imeshuka sentimita ngapi na imepanuka kiasi gani, na mtajua ni kituo kipi kianze kutengenezwa. Bila daftari la namna hiyo, kila mazungumzo kuhusu idadi ya wageni wanaofaa yatakuwa ya kukisia. Wageni hamsini kwenye njia iliyojengwa vizuri wanaumiza msitu kidogo kuliko kumi kwenye njia mbovu siku ya mvua.

Sasa, njia ipite umbali gani kutoka kwenye mti? Wataalamu wa miti mikongwe Uingereza wana kanuni rahisi ambayo hata kijana wa kidato cha pili ataitumia: chukua kipenyo cha shina, zidisha mara 15, huo ndio umbali wa kuachwa bila kuguswa kulizunguka shina pande zote. Kipenyo kinapatikana kwa kuzungushia tepu kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko, kisha kugawa kwa 3.14. Mti ukiwa na mbavu kubwa za mizizi zinazopanda shinani, usipime juu ya mbavu. Panda sentimita 30 juu ya pale zinapoishia. Mfano: mzunguko wa mita 4.71 unatoa kipenyo cha mita 1.5, na mara 15 ni mita 22.5. Yaani njia ya kawaida ya udongo isiukaribie mti huo kwa chini ya mita 22 na nusu. Ni mbali, tunajua, na mgeni amesafiri ili auone. Ndiyo maana yanahitajika mambo mawili tofauti: njia ya udongo inayozunguka kwa mbali, na daraja fupi la mbao linaloingia hadi mahali pa kutazamia.

Tuanze na njia ya udongo, kwa sababu ndiyo ndefu na ndiyo inayokosewa zaidi. Njia za kienyeji mlimani hupanda moja kwa moja, kwa kuwa mtu mwenye mzigo anataka afike. Njia inayopanda moja kwa moja ni mtaro: maji hayana pengine pa kwenda. Njia ya wageni ikate mteremko kwa ubavu, isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10 za kwenda mbele, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe pale inapopita. Mahali ambapo mlima unapanda mita 16 kwa 100, njia isizidi 8 kwa 100. Mkikiuka nusu hiyo, maji yataiacha ardhi na kuifuata njia hata kama mmechimba mitaro mizuri kiasi gani.

Upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha watu wanaofuatana. Uso wa njia ulale kidogo kuelekea bondeni, sentimita 4 kwa upana wa mita 1, ili tone likianguka livuke njia badala ya kutembea nayo. Kupima ni kazi nyepesi: chukua ubao ulionyooka wa mita 1, pigilia kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4 chini ya ncha moja, weka pima maji juu yake. Ncha yenye kipande ikiwa upande wa bondeni na kipovu kikatulia katikati, mlalo ni sahihi. Hili hulegezwa mara nyingi kwa sababu vibarua hupenda kurundika udongo waliochimba kwenye ukingo wa bondeni. Rundo hilo linageuka ukuta, maji yanafungiwa ndani ya njia, na kazi yote inakuwa bure. Udongo uliochimbwa utawanywe mbali chini ya mteremko, usiegemezwe kwenye shina lolote.

Kila baada ya mita 10 hadi 20, kutegemea mwinuko, njia ishuke kidogo na kupanda tena, bonde fupi la mita 3 hadi 5 lenye mdomo wazi upande wa chini. Mgeni hata halitambui, lakini maji yanatoka hapo. Penye mwinuko mkali mno kwa bonde kama hilo ndipo gogo la kuchepushia maji linafaa, na hapa makosa ni yaleyale kila mahali. Gogo linalazwa likiwa limekingama moja kwa moja, maji yanasimama nyuma yake, yanaacha mchanga, na baada ya mvua chache pamejaa na maji yanaruka juu. Lilazwe kwa pembe ya nyuzi 45 ili maji yaendelee na mwendo na kusukuma mchanga nje. Theluthi mbili za unene wake zizikwe, na ncha zote mbili zivuke kingo za njia kwa sentimita 30, la sivyo maji na watu watazunguka ncha. Kisha lisafishwe kwa jembe mara kadhaa katika msimu wa mvua. Gogo lisilosafishwa ni baya kuliko kutokuwa na gogo.

Ngazi tunaziomba zijengwe pale tu ambapo hakuna ujanja mwingine. Kipandio kisizidi sentimita 18, na pa kukanyagia pasipungue sentimita 30. Fundi akiweka kipandio cha sentimita 25 ili aokoe mbao, wageni wazee na watoto watapita kando ya ngazi, na kando ya ngazi patakuwa korongo.

Daraja la kuuendea mti ni kazi ya uangalifu zaidi. Upana wa sentimita 90 unatosha, na sakafu yake iinuke sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini ili majani yaendelee kuanguka na kuoza chini yake. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, mvua lazima ipenye, kwani mizizi iliyo chini ya daraja inaitegemea. Mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono, kwa mtaimbo mwembamba na kopo, si kwa sururu. Ukikuta mzizi mnene kupita sentimita 2.5, fukia shimo, sogeza nguzo. Michoro ya ofisini iruhusu jambo hilo kuanzia siku ya kwanza, maana mkandarasi aliyepewa mchoro wenye vipimo visivyobadilika ataukata mzizi ili apate saini yake. Ubao wenye maji huota ukoga na kuteleza, kwa hiyo waya wa kuku upigiliwe juu ya sakafu. Mwishoni pawe na jukwaa dogo la watu wanane, lenye kizuizi cha kiunoni, kwa umbali ambao mgeni anaona shina lote na matawi yake. Kuushika mti si lazima. Picha nzuri ya mti mkubwa hupigwa kwa mbali.

Mbao zisitoke msituni, hata za miti iliyokwisha kuanguka. Gogo lililoanguka ni shamba la miche: baadhi ya miti ya misitu ya milimani huota vizuri zaidi juu ya magogo yanayooza kuliko kwenye sakafu yenye kivuli kizito. Mikangaga mikubwa nayo isikatwe kutengenezea vipandio, ingawa shina lake linaonekana kufaa. Mianzi iliyozikwa ardhini bila dawa huoza ndani ya miaka 1 hadi 3. Nyanda zetu zina paini ya kutosha, shamba la Sao Hill kule Mufindi peke yake linajulikana nchi nzima, na nguzo zilizotiwa dawa zinapatikana. Ila zikatwe kwa vipimo kiwandani kabla ya kutiwa dawa. Ukikata nguzo msituni, ncha mpya haina kinga na itaoza kutokea ndani, na unga wake wenye sumu unabaki kwenye udongo. Vipande vilivyobaki virudishwe mjini; kamwe visipikiwe chai ya vibarua, moshi wake una sumu.

Penye mizizi iliyokwisha kufunuliwa, msiifunike kwa zege wala kwa kifusi. Udongo mpya wa zaidi ya sentimita 10 juu ya mizizi unaiziba pumzi kama ulivyofanya ule ulioshindiliwa. Hamisheni njia, kisha tandazeni majani makavu ya msitu huohuo, sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Takataka za mashine ya mbao kutoka nje zisiletwe. Zinakuja na mbegu na vimelea.

Vimelea ni jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wilaya hii ni ya parachichi, na adui mkubwa wa parachichi duniani ni kimelea cha kwenye udongo kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kinachoozesha mizizi. Kimelea hichohicho kimeua maeneo makubwa ya uoto wa asili huko Australia. Hakihitaji lori, tope la kwenye soli linakitosha. Mgeni aliyetembelea shamba asubuhi na kupanda mlima mchana anaweza kukihamisha, vivyo hivyo mwongozaji aliyetoka kupalilia kwake. Mahali pa kuanzia safari pawekwe brashi ngumu ya nyuzi, kijiti cha kuchokolea tope, na chupa ya kupulizia yenye spiriti ya asilimia 70. Utaratibu una mpangilio wake: kwanza chokoa na brashi mpaka soli iwe safi, ndipo upulize. Spiriti juu ya tope haifanyi kitu. Gambuti ni rahisi kusafisha kuliko raba, na itakuwa busara hifadhi kuwa na jozi kadhaa za kukodisha.

Tuna neno kuhusu mabango ya umri. Inavutia kuandika kwamba mti fulani una miaka 500 au 1,000. Tunaomba lisiandikwe lolote lisilopimwa. Mti wa nchi zenye majira ya baridi hufanya duara moja kila mwaka. Wa kwetu, mvua ikikatika katikati ya msimu na kurudi, unaweza kufanya mawili, na mwaka mwingine usifanye hata moja linaloonekana. Unene nao unadanganya. Mpodo hukua polepole, ilhali miti inayowahi kuota penye mwanga, kama hagenia na Macaranga, hunenepa upesi, kwa hiyo mashina mawili yaliyo sawa kwa tepu yanaweza kupishana umri kwa mbali sana. Miti mingi mikubwa imetoboka ndani, na kiini chenye historia kimeshageuka unga, hata kekee ya kutolea sampuli haitakuta kitu. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kufunga ukanda mwembamba wa chuma wenye springi kwenye shina, na kusoma kila mwaka umeongezeka milimita ngapi. Bango likisema “mti huu umenenepa milimita 3 tangu mwaka jana”, mgeni atapata picha ya umri kuliko tarakimu ya kubuni. Na bango lisimame kwenye nguzo yake. Msumari kwenye gome ni mlango wa kuoza.

Mti wenye tundu usikatwe kwa kisingizio cha usalama. Maji hupanda kupitia mbao za nje, chini ya gome. Kiini hakibebi maji, na bomba lenye ukuta mzima linaweza kusimama miaka mingi. Ndani ya tundu mna perere, mna nyuki, mna popo. Tawi bovu likining'inia juu ya njia, hamisheni njia. Watu kuingia tunduni kupiga picha kukomeshwe, maana soli zinasaga ule unga ambao mti wenyewe huota mizizi ndani yake na kuutumia tena kama mbolea.

Kuchanja gome ili kumwonyesha mgeni utomvu au harufu ni desturi ya kuachwa leo hii. Prunus africana, mti wa dawa ya tezi dume, biashara ya kimataifa ya magome yake inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995, na sababu yake ni kuchunwa. Gome likivuliwa mzunguko mzima, chakula kinachotoka majanini hakifiki mizizini, na mti unakufa ukiwa umesimama. Mwongozaji aokote jani lake lililoanguka alisugue mkononi: linanukia lozi. Inatosha.

Kuhusu wanyama tutasema machache. Watafiti walianza kufuatilia habari za nyani aitwaye kipunji mwaka 2003 baada ya kulisikia jina hilo kwa wenyeji. 2005 dunia ikatangaziwa, na 2006 ikakubalika kuwa ni jenasi mpya kabisa ya nyani wa Afrika, ya kwanza tangu 1923. Hesabu ya kwanza, iliyochapishwa 2008, ilipata 1,117. Hayupo nje ya Tanzania, na makazi yake ni Rungwe na msitu wa Livingstone kwa upande wetu, na kipande cha Udzungwa. Anaishi juu ya miti, huteremka kwa nadra, na hukimbia kelele. Vilele vilivyoshikana ndizo barabara zake, kwa hiyo mti mmoja mkubwa ukianguka, barabara imekatika. Makundi ya wageni yasizidi watu wanane na mwongozaji mmoja, pawe na nusu saa kati ya kundi na kundi, na mwenye mafua abaki chini, kwani magonjwa yetu ya kifua yanawaambukiza nyani. Chakula asipewe hata ganda la ndizi. Ndege zisizo na rubani za kupigia picha zikatazwe juu ya msitu.

Lipo pia la msimu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na miezi mibaya kwa njia ni Machi na Aprili. Tunapendekeza vipande vinavyopita kwenye miti mikubwa vifungwe miezi hiyo miwili, na wageni waelekezwe kwenye njia za chini zenye mawe, au Daraja la Mungu na maporomoko. Kufunga kutangazwe mapema, tangu Desemba, ili mwenye nyumba ya wageni asipate hasara ya kushtukizwa. Juni na Julai ni baridi kali lakini njia ni ngumu. Agosti hadi Oktoba ni pakavu, na hofu ni moto. Moto wa kupikia uwe mahali pamoja pa chini palipojengewa mawe, basi. Moto uliowashwa juu ya mizizi unaweza kuendelea kufukuta ndani ya udongo mwepesi wenye majani yaliyooza, siku kadhaa baada ya waliouwasha kuondoka.

Malipo yawezeshwe kabla ya safari. Mgeni apate namba ya kumbukumbu ya malipo akiwa Mbeya au Tukuyu, penye mtandao, si chini ya mlima ambako anahangaika saa nzima, kisha anapanda saa tano na kushuka na tochi. Anayeshuka na giza haoni njia, anakanyaga popote. Mnaona jinsi hata jambo la ofisini linavyofika mizizini.

Fedha za matengenezo ziwe na kifungu chao kwenye bajeti, hata kiwe kidogo, lakini cha kila mwaka. Njia iliyojengwa kwa mara moja na kuachwa hurudi kuwa mtaro. Kikosi cha vijana sita kutoka vijiji vya jirani, wenye majembe, mabeleshi, pima maji na uzi wa fundi, wakifanya kazi wiki mbili kabla ya mvua na wiki mbili baada ya mvua, watafanya zaidi ya mkandarasi anayekuja kila baada ya miaka mitano. Usimamizi shirikishi wa misitu unaruhusu hilo. Hakihitajiki kitu kipya cha kisheria. Na vijana haohao maji ya kunywa ya familia zao yanatoka katika mlima huu, kama Kiwira inavyotoka huku hadi Ziwa Nyasa.

Hatuombi mlima mzima kwa mkupuo. Chagueni mita 500 za kwanza, pale penye mashina makubwa kuliko yote na tope jingi kuliko kote. Wiki ya mwisho ya Oktoba, kabla mvua hazijaanza, tupande pamoja: mhifadhi mmoja, mhandisi wa halmashauri mmoja, mwenyekiti wa kijiji, na sisi. Tutaleta mambo za chuma, uzi na rula. Tupige vituo vya mwanzo siku hiyohiyo, daftari libaki ofisini kwenu na nakala ibaki kijijini. Mwisho wa Mei turudi kwenye mambo zilezile.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Waongoza wageni na watengeneza njia,
Tukuyu, Rungwe